Tairi la nyuma la baiskeli ya milima kwa njia za Mwanza: likimbie na lidumu

Mpwa wangu anakaa Buhongwa na amenunua baiskeli ya milima ya mtumba. Siku za kazi anashuka nayo mjini kwa lami, Jumamosi anapotelea Kisesa na vijiji vya nyuma ya Bujora. Alichotaka ni kile ambacho kila mtu anataka: tairi la nyuma lisilomvuta kwenye lami na lisilochanwa na mawe. Nilimpa maelekezo kwa simu, nusu nusu. Haya hapa kamili, maana maswali huwa ni yale yale.

Naongelea la nyuma peke yake kwa sababu. Ukikaa kwenye kiti, karibu asilimia 60 ya uzito inaelemea nyuma. Nguvu ya pedeli inapita huko, na wengi wetu tukishtuka tunakamata breki ya nyuma mpaka tairi linaburuzika. Ndiyo maana linaisha mapema. La mbele liache na meno yake makubwa, kazi yake ni kushika kona. Nyuma ikiteleza unaweza kuirudisha. Mbele ikiteleza, uko chini.

Hatua ya 1: Hesabu njia zako

Lami ni kiasi gani, vumbi kiasi gani? Uwe mkweli. Watu wengi wananunua tairi la safari wanayoiota, wakati safari wanayoifanya ni Buhongwa, Mkuyuni, mjini, kurudi.

Hatua ya 2: Soma milimita, achana na inchi

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Ubavuni mwa tairi kuna vipimo viwili. Kimoja ni cha inchi, kwa mfano 26 x 2.10. Kingine ni cha milimita, kwa mfano 54-559. Cha inchi kinadanganya. Kwenye cha milimita, 54 ni upana, na 559 ni kipenyo cha pale kwenye rimu ambapo waya wa tairi unakaa. Hiyo namba ya pili ndiyo inayoamua kila kitu.

Baiskeli ya milima ya inchi 26 inatumia 559. Lakini zile baiskeli za Kijapani za kikapu zinazoletwa mtumba, nyingi ni 26 x 1 3/8, na hiyo ni 590. Zote dukani zinaitwa "ishirini na sita". Baiskeli ya milima ya 27.5 ni 584. Ya 29 ni 622, sawa na 700C ya baiskeli za mbio. Yale madume ya kubebea mkaa na magunia, 28 x 1 1/2, ni 635. Kwa hiyo kama namba ya inchi ina nukta (1.95, 2.10) na nyingine ina sehemu (1 3/8, 1 1/2), usizibadilishane hata kama zinaanza na tarakimu ile ile. Kwenye matairi ya Kijapani angalia pia herufi: HE ni ya nukta, W/O ni ya sehemu.

Hatari kubwa kuliko zote ni kufunga 590 kwenye rimu ya 584. Zinapishana milimita 6 tu. Mpwa wangu ana 27.5, akapelekewa tairi la 26 x 1 3/8 na kuambiwa, "Kaka, hii inaingia, nimewafungia wengi." Na kweli linaingia, tena kwa mikono mitupu. Ukianza kujaza upepo linapanda upande mmoja, tyubu inachungulia pembeni, halafu unasikia mlio. Akanipigia: "Mjomba, si ni namba tu?" Tairi linaloingia kirahisi kupita kiasi litilie shaka. La saizi sahihi linakusumbua kidogo kwenye inchi chache za mwisho.

Kama namba za tairi la zamani zimefutika, tafuta kwenye rimu. Mara nyingi kuna stika au chapa kama 584 x 21. Kama nayo imefutika, vua tairi, pima rimu kutoka ukingo mpaka ukingo ukipitia katikati kabisa ya habu, kisha toa kama milimita 12. Pima mara mbili, upande huu na upande wa kuukata, maana rimu za mtumba nyingine zimebonyea. Ukipata karibu na 571, rimu yako ni ya 559. Karibu na 596, ni ya 584. Karibu na 634, ni ya 622. Kwa utepe wa cherehani usijaribu, unalegea. Tumia futi ya chuma.

Halafu upana. Kwa njia zetu 2.1 mpaka 2.25 unatosha nyuma. Upana ulioandikwa si lazima ndio utakaoupata; rimu nyembamba hulibana tairi, rimu pana hulitanua. Muhimu ni nafasi kati ya tairi na fremu: acha angalau milimita 6 kila upande. Kama rimu inacheza, nafasi hiyo ihesabu pale inapokaribia fremu zaidi, si pale inapopendeza. Na kama unapita Misungwi masika, ongeza. Udongo mweusi wa mbuga unaganda kwenye tairi, unajaza nafasi yote, gurudumu linagoma kuzunguka na unaishia kuibeba baiskeli begani.

Hatua ya 3: Meno

Katikati yawe mafupi na yaliyokaribiana, pembeni yawe marefu zaidi. Basi. Meno marefu ya katikati yanajikunja kila yanapogusa lami na kila yakijikunja yanakula nguvu zako. Ule mvumo unaousikia ni jasho lako. Yakiwa mafupi na karibu karibu, tairi linakwenda kama lina mstari mmoja katikati. Ya pembeni yanaamka tu ukilala kwenye kona.

Kuna wanaosema basi chukua tairi laini kabisa la lami. Kwa Mwanza sikubaliani. Panda njia za juu Bwiru uone: mwamba unamomonyoka na kuacha chengachenga zinazobiringika chini ya tairi kama maharage yaliyomwagwa sakafuni. Bila meno kidogo, kwenye mlima tairi linazunguka na wewe umesimama.

Kwa majina: Mimi ni mtu wa Vittoria Mezcal, sifichi. Maxxis Ikon na Continental Race King ni za familia hiyo hiyo ya kukimbia. Kenda Small Block 8 ina meno madogo mengi, nzuri kwenye vumbi kavu, kwenye tope inajaa mara moja. Kama lami ndiyo imezidi, Schwalbe Smart Sam inakutosha, hasa ile ya Plus yenye tabaka nene la kuzuia miiba; ni nzito, ila unafika. Nyingi kati ya hizi utaziagiza. Ukikosa zote, beba ninachokueleza kuhusu meno uende nacho kwenye duka lolote, uchague kwa macho na kidole gumba.

Hatua ya 4: Mpira na nyuzi

Watu wanatazama meno wanasahau kwamba mwendo unatoka zaidi kwenye mwili wa tairi. Likizunguka, tairi linabonyea na kurudi, linabonyea na kurudi, na sehemu ya nguvu yako inapotea humo kama joto. Mwili mwepesi kukunjika unapoteza kidogo. Mgumu kama kandambili ya tairi la gari unapoteza nyingi. Kwa hiyo lile tairi la bei poa, zito, linaloonekana la kazi, linaweza kukuvuta na bado likachanika ubavuni.

Tafuta herufi TPI, yaani idadi ya nyuzi kwa inchi. 120 ni nyuzi nyembamba, laini, zinazokimbia. 60 ni nyuzi nene zenye mpira mwingi kati yake, zinavumilia. Za chini ya 30 waachie baiskeli za watoto. Kwa nyuma mimi nachukua 60 bila kufikiria, au 120 yenye kinga ya ubavu (Maxxis wanaiandika EXO). Mawe yetu ni granaiti yenye kingo, na yanapiga ubavuni, si kwenye meno. Meno yakichanwa unaendelea na safari. Ubavu ukichanwa ni shughuli.

Mpira wenyewe: ugumu huandikwa kwa namba, kubwa ni ngumu. Ulio karibu na 60 na kuendelea unadumu kwenye lami. Wa 42 au 50 unashika vizuri lakini barabara ya Buhongwa itausaga. Ukipata wenye aina mbili, mgumu katikati na laini pembeni, chukua huo.

Kabla ya kulipa, kunja ubavu kwa vidole viwili chini ya mwanga. Tairi lililoning'inizwa juani mbele ya duka huanza kupasuka nyufa nyembamba kama nywele. Ukiziona, rudisha, hata kama ni jipya na lina jina kubwa.

Hatua ya 5: Kufunga

Mshale ubavuni, ukiwa juu ya gurudumu, uelekee unakokwenda. Kataa bisibisi, inang'ata tyubu. Mengine unayajua.

Hatua ya 6: Upepo

Kompresa ya kando ya barabara itakujazia mpaka tairi liwe jiwe. Usikubali. Likijazwa mno, kwenye changarawe linaruka ruka badala ya kukimbia, na jiwe likiligonga halina pa kubonyea, linakatika. Likilegea mno, rimu inaibana tyubu kwenye jiwe na unapata matundu mawili yaliyokaa sambamba.

Kwa mtu wa kilo 70 hadi 75 anayetumia tyubu, anza na psi 35 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) nyuma kwenye 26 x 2.1, au 30 kwenye 29 x 2.25. La mbele punguza psi 3 au 4. Ukibeba mzigo, ongeza. Ukitoka na lami tupu, ongeza 5. Usizidi namba ya juu iliyoandikwa ubavuni. Nunua geji yako. Kidole gumba hakisomi psi.

Kuhusu mbigili: kiangazi zimejaa kando ya njia, na meno mafupi hayazizuii. Mafundi wengi wanaweka ndani kipande cha tairi kuukuu. Kinafanya kazi, ila kinaongeza uzito na ncha zake zinakula tyubu. Kama ndiyo njia yako, zichonge ncha kwa msasa mpaka ziwe nyembamba na paka pauda. Mimi napendelea dawa ya maji ya kuziba matundu ndani ya tyubu yenye vali inayofunguka kiini. Kwa joto letu inakauka, kwa hiyo iongeze kila baada ya miezi michache. Na ukiona mbigili imeganda kwenye tairi lenye dawa, usiichomoe ukiwa porini bila pampu.

Hatua ya 7: Kulitoa

Likiwa kipara katikati lakini ubavu mzima, bado lina maisha kwenye lami kavu. Zikionekana nyuzi, au ukiona uvimbe ubavuni, toa leo. Usilitupe: kata kipande cha ubavu cha urefu wa kidole, weka kwenye mfuko wa kiti. Siku granaiti ikikufungua ubavu wa tairi jipya, kiweke ndani kati ya tyubu na mpasuko, jaza upepo nusu, uende polepole mpaka kwa fundi.