Foronya yenye jina: anza kwa kufumua
Unaanza kudarizi majina kwenye foronya kwa mashine? Kabla hujaiwasha, fumua mshono wa pembeni ili kitambaa kilale wazi. Mimi ya kwanza, ya bibi harusi wa Uyole, nilishona pande zote mbili pamoja. Jina lilitoka zuri sana, ila mto haukuingia! Foronya ya pamba ifue kwanza, maana ikisinyaa baadaye herufi hujikunja. Nyuma yake weka kile kitambaa kigumu ambacho mafundi hutia kwenye kola; sindano namba 75/11 inatosha. Jina liweke karibu na mdomo wa foronya, si katikati. Nani alale na baridi ya Julai ya Mbeya, halafu mafundo ya uzi yamchome shavuni?