Kadi yenye dirisha

Mjukuu wangu alikuwa akiona "kalamu", anasoma "kamula". Herufi anazijua zote, kasoro ni jicho: lilikuwa limesharuka.

Jicho halitelezi juu ya mstari. Huruka, likatua kama robo ya sekunde, na hapo huona wazi herufi chache tu. Zilizobaki husongamana kama abiria wa feri ya Likoni jioni.

Basi kata kadi kutoka boksi la majani ya chai, utoboe dirisha la mstari mmoja, upana wa maneno matatu. Liweke kitabuni, usukume taratibu kwenda kulia. Usilibane sana: msomaji wa Kiswahili huchungulia neno lijalo kulia, wa Kiarabu kushoto. Wangu akitoka madrasa, alikosoma kwenda kushoto, nampa maji kwanza, apumue, ndipo tushike kitabu. Huo ni utaratibu wangu tu.

Neno refu liandike daftarini kwa silabi zilizoachana: wa na ku mbu sha na. Afuate kwa kidole.

Dakika kumi zatosha, barazani, televisheni imezimwa. Akikosea usimtajie neno, rudisha dirisha nyuma.