Jinsi ya kupata marafiki hostelini unaposafiri nje na begi la mgongoni

Hosteli inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kudumu ilifunguliwa mwaka 1912 ndani ya ngome ya Altena, Ujerumani. Aliyeianzisha ni mwalimu Richard Schirrmann, ambaye alitaka wanafunzi waliokuwa kwenye matembezi ya miguu wapate pa kulala kwa bei nafuu. Hadi leo bweni, jiko la pamoja na sebule ndivyo vinavyokutanisha wageni, kuliko uchangamfu wa mtu. Mkimya aliyechagua nyumba nzuri na kukaa mahali panapofaa hupata wenzake upesi kuliko msemaji aliyefikia hosteli isiyo na hata meza ya kulia.

Kuchagua hosteli

Unapotazama picha, acha vitanda kwanza, utafute sebule na jiko. Meza moja ndefu ni dalili njema. Viti vyote vikielekea kwenye televisheni, jua kwamba jioni watu watatazama televisheni. Kisha soma maoni ya waliosafiri peke yao, na usirudi nyuma zaidi ya miezi mitatu: wafanyakazi wa hosteli hubadilika mara kwa mara, na hali ya nyumba hubadilika nao. Hosteli ya vitanda 30 hadi 80 ndiyo rahisi kujuana. Yenye vitanda mamia hujaa makundi yaliyokuja pamoja, na kundi la namna hiyo halina haja na mgeni.

Bweni la vitanda 6 au 8 linatosha. La vitanda 4 lina hatari yake: watatu wakiwa wamekuja pamoja, wewe unakuwa mgeni chumbani mwao. Kuanzia vitanda 12 bei hushuka, ila watu huingia na kutoka usiku kucha na hakuna anayekumbuka sura ya mwenzake.

Lipia usiku 3 angalau. Anayelala usiku mmoja huchukuliwa kama mpita njia, na ndivyo alivyo. Ukiweza, fika kati ya Jumapili na Jumatano, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi vitanda vingi huchukuliwa na marafiki waliokuja kustarehe kwa siku mbili.

Kabla ya kulipa, soma masharti. Zipo hosteli zenye kikomo cha umri, zisizopokea wakazi wa mji huohuo, zinazodai kadi ya uanachama, au zinazofunga mapokezi usiku. Hilo la mwisho ndilo linalowaacha watu nje na mabegi yao.

Mzigo

Begi la lita 35 hadi 45, lisilozidi kilo 10, linatosha. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 7 hadi 10 kwa mzigo wa kuingia nao ndani, basi pima kabla hujaondoka. Beba kufuli lako lenye chuma chembamba, maana kufuli nene halipiti kwenye tundu la kabati za bwenini. Ongeza vizibo vya masikio, kandambili za bafuni na taulo jepesi. Hosteli nyingi hukodisha taulo au hudai amana.

Vitu viwili vidogo huleta watu vyenyewe: karata na ekstensheni yenye matundu matatu au manne. Bweni la watu wanane lenye soketi mbili linamhitaji sana mwenye ekstensheni. Angalia tu maandishi ya umeme nyuma yake. Ekstensheni iliyotengenezewa volti 120 ukiichomeka kwenye nchi ya volti 230 inaweza kuungua, na adapta ya kubadilisha umbo la plagi haipunguzi volti.

Jioni ya kwanza

Mara nyingi vyumba hutolewa kuanzia saa 8 au 9 alasiri. Fika kabla ya saa 12 jioni, wakati watu wanarudi kutoka matembezini. Kagua mishono ya godoro: vidoa vyeusi kama vya kalamu au vya rangi ya kutu ni alama za kunguni, na hapo omba chumba kingine kabla hujafungua begi. Tandika, funga vitu vya thamani, kisha utoke bwenini. Kujinyoosha kitandani “dakika tano tu” na simu mkononi ndiko kunakoua jioni nyingi.

Nenda sebuleni bila visikizio masikioni. Kaa kwenye meza kubwa, karibu na mtu aliye peke yake. Kundi linaloongea lugha yake litarudi kwenye lugha hiyo baada ya dakika kumi hata likiwa na adabu. Kuuliza “unatoka wapi?” si kosa, ila kila mgeni ameshalijibu swali hilo mara nyingi siku hiyo. Omba msaada mdogo badala yake: maji ya moto hutoka saa ngapi, basi la kwenda pwani hupandiwa wapi, nguo mnafulia wapi. Mtu aliyefika juzi hufurahi kuwa mwenyeji.

Mazungumzo yakishika, toa mwaliko wenye saa na mahali. “Tutembee siku moja” haizai kitu. “Kesho saa 3 asubuhi naenda sokoni kwa miguu, narudi saa 6, tukutane mapokezini” inajibika kwa ndiyo au hapana. Akikataa usimbembeleze, huenda amechoka tu. Anayeona haya kualika ajiunge na matembezi ya mjini yenye kiongozi anayelipwa kwa bakshishi, ambayo huchukua saa 2 au 3. Zungumza na watu mnapotoka kituo kimoja kwenda kingine, na mwaliko uutoe mwishoni, wakati kila mtu anatafuta pa kula.

Jikoni

Hakuna mahali panapozidi jiko kuanzia saa 12 hadi saa 2 usiku. Kabla ya kwenda dukani, kagua rafu ya vitu vilivyoachwa: chumvi, mafuta na tambi huwa hapo bure. Pika kitu kinachoongezeka kwa urahisi. Tambi kavu gramu 100 humtosha mtu mmoja, hivyo pakiti ya gramu 500 hulisha watano. Uliza kwanza nani hali nyama ipi na nani ana mzio, hasa wa karanga. Anayepika haoshi vyombo. Sema hivyo mapema na kwa utani, kusiwe na kinyongo baadaye. Chakula unachoweka kwenye friji kiandike jina na tarehe ya kuondoka, la sivyo kitatupwa.

Adabu za bweni

Urafiki wa siku mbili huvunjwa na mfuko wa plastiki unaochakarishwa saa 11 alfajiri. Panga begi usiku uliotangulia, tumia mifuko ya nguo, kengele iwe ya mtetemo na uizime mara ya kwanza. Simu zipigwe nje. Kitanda cha chini ni cha mwenyewe, usikikalie bila kuomba.

Kusafiri pamoja

Jaribuni siku moja kabla ya kununua tiketi za wiki. Semeni wazi mambo matatu: matumizi ya siku, saa ya kuamka, na muda wa kila mtu kuwa peke yake. La fedha ndilo linalogombanisha zaidi, kwa hiyo andikeni kila malipo na mlipane kila jioni. Kila mmoja awe na nafasi yake ya kulala kwa jina lake, ili mkitengana pasiwe na deni.

Usimpe mtu pasipoti yako akutunzie, usiache kinywaji chako bila kukitazama, na usivushe mpakani mzigo wa rafiki mpya, hata ukiwa bahasha. Ukikamatwa nao, utahesabiwa wako.

Namba mbadilishane mapema, kwani wengi huondoka na basi la alfajiri wengine wamelala. Chukua na barua pepe: WhatsApp imezuiwa China. Halafu tuma ujumbe ndani ya siku moja au mbili, wenye jambo mahususi, kama vile picha mlizopiga au tarehe utakayofika mji unaofuata, maana njia za wasafiri wa mabegi hukutana tena mara nyingi.