Kuchonga mwanga kwenye saruji

Mchoraji Mfaransa Claude Monet alichora marundo ya ngano kule Giverny, Ufaransa, mwaka 1890 na 1891: asubuhi, jioni, hata kwenye theluji. Kila mwanga aliupa picha yake. Mimi ni fundi plasta hapa Dodoma, na naamini bamba moja la saruji linaweza kubeba saa zote hizo, kwa sababu vivuli vyake vinatembea na jua.

Chagua kitu cha hapa. Mimi hupenda maji ya bwawa la Hombolo yakipigwa na upepo, na mbingu juu yake.

Bamba liwe sentimita 60 kwa 40, unene 4, ndani wavu wa kuku. Ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga wa mtoni uliochekechwa. Kokoto usitie, maana ikigongwa inang'oka na kipande cha picha. Upepo wetu wa Agosti hukausha juu kabla ya ndani, kwa hiyo fanyia kivulini na ufunike kwa gunia lililoloweshwa. Bonyeza kwa kidole gumba: kisipozama lakini ukucha ukaacha alama, anza.

Hapa ndipo penye utamu. Usizungushie kitu mstari! Monet alijenga umbo kwa miguso mifupi ya brashi. Wewe lijenge kwa mikwaruzo mifupi ya kipande cha msumeno wa chuma. Bamba likishasimama ukutani, mkwaruzo wa kulala hushika kivuli adhuhuri, jua likiwa juu. Wa kusimama hushika asubuhi na jioni, jua likija kwa ubavu. Basi maji yachonge kwa mikwaruzo ya kulala, mbingu kwa ya kusimama. Mchana bwawa linajaa mawimbi, jioni mbingu ndiyo inayosema. Penye mwanga kwaruza milimita 2, penye giza hata 8. Kingo ziache kali. Ukizisugua kwa sponji, kivuli kinakufa.

Saruji ikikuwahi kukauka, ilowanishe ndipo uchonge, na uvae barakoa nzito: vumbi lake lina silika inayoharibu mapafu. Kisha mwagilia siku 7.

Tundika kwenye ukuta unaotazama kaskazini. Hapa Dodoma hupata jua la mchana tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba. Ukuta wa mashariki hupigwa usoni asubuhi, michoro yote inafifia. Na rangi usipake.