Somo: Kupima sukari ya damu kabla na baada ya kula

Ndugu zangu, wengi tukiambiwa "punguza sukari" tunaacha sukari ya chai, halafu mlima wa wali unabaki palepale. Wali, mkate na viazi vyote ni wanga, na wanga ukishameng'enywa unaingia kwenye damu kama glukosi, yaani ile sukari tunayoipima. Tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Pima mara mbili kwa mlo mmoja. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Pima kabla ya kula, kisha saa 2 tangu ulipoanza kula. Nawa kwa sabuni na ukaushe mikono vizuri, maana maji ya tunda yaliyokaukia kidoleni yanaweza kupandisha namba bure. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, hapaumi sana. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo ni 4.4 hadi 7.2 mmol/L (kizio cha sukari ya damu) kabla ya kula, na chini ya 10.0 baada ya kula. Daktari wako anaweza kukupangia lengo tofauti, hasa kwa mzee au mjamzito. Andika namba zote mbili pamoja na ulichokula na kiasi chake. Daftari hilo litakuonyesha chakula gani kinakupandisha wewe, si jirani yako.

Hatua ya 2: Gawa sahani. Nusu mboga, robo protini (samaki, mayai, maharage), robo wanga. Anza na mboga na protini, wanga uje mwisho. Sukari hupanda taratibu zaidi.

Hatua ya 3: Kula tunda, usilinywe. Juisi, hata uliyokamua mwenyewe, inaingia kwenye damu haraka mno.

Hatua ya 4: Tembea dakika 10 hadi 15 baada ya kula. Misuli inayofanya kazi huvuta glukosi kutoka kwenye damu. Na usiku lala vya kutosha.

Tahadhari: unayetumia insulini, au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi au gliklazidi, usikate wanga ghafla kabla ya kuongea na daktari, sukari isije ikashuka mno. Ukitetemeka, ukitokwa jasho na kipimo kikasoma chini ya 3.9, kunywa nusu kikombe cha juisi, subiri dakika 15, upime tena. Hapo juisi ni dawa.

Maswali ya wanachama

*Usiku sili kitu, mbona asubuhi sukari iko juu?*
Dada, usijilaumu. Alfajiri homoni za mwili huliamuru ini litoe glukosi, na insulini isipotosha namba inapanda. Pima unapokwenda kulala na unapoamka kwa siku kadhaa, umpelekee daktari namba zote.

*Asali si ya asili? Naiweka kwenye chai.*
Ya asili ndiyo, lakini ni sukari. Ihesabu kama sukari.

*Mama namba zake ni nzuri siku hizi. Aache vidonge?*
Hapana, kaka. Huenda vidonge ndivyo vinavyozishikilia hizo namba. Mpeleke apimwe HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3, na aende na daftari lake. Dozi atapunguziwa na daktari, asijipunguzie mwenyewe.