SOMO: Gemu inaunguza kioo cha TV? Soma hapa kabla hujanipigia

Wakuu, habari za jioni. Hela ya korosho ikianza kutoka, TV mpya zinaingia majumbani huku Mtwara na simu yangu haipoi: "Fundi, watoto wanacheza PS kutwa nzima, kioo hakitaungua?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Gemu yenyewe haiunguzi kitu. Kinachounguza ni picha isiyosogea, yenye mwanga mkali, kwenye aina fulani ya kioo. FIFA, ile gemu ya mpira (matoleo mapya yanaitwa EA Sports FC), inatajwa kwa sababu ubao wa magoli unakaa kona ile ile mechi zote, na ramani ya wachezaji iko chini pale pale. Nembo ya chaneli nayo hufanya vivyo hivyo, ila sijaona baba anayezima taarifa ya habari kuokoa kioo.

1. Jua kioo chako. Soma stika ya nyuma au boksi. LED, QLED na Mini LED zote ni LCD yenye taa nyuma, na ndizo zimejaa mtaani. Kivuli cha picha iliyokaa sana kikibaki humo, kwa kawaida kinaondoka chenyewe. OLED ni nyingine: kila nukta ya picha inajiwakia, na inachakaa kadiri inavyowaka. Hiyo inaungua. Plazma na chogo zinaungua pia, ila viwanda vikubwa viliacha plazma mwaka 2013 na 2014, kwa hiyo ukiuziwa leo ni mtumba. Muuzaji akikwambia QLED na OLED ni kitu kimoja, toka dukani.

2. Pima. Zima taa ya chumba, weka video ya rangi moja moja: kijivu, nyekundu, kijani, bluu. Ukiona kivuli, kipige picha kwa simu.

3. Subiri. Weka katuni au mpira saa kadhaa, kisha pima tena. Kimefifia? Kitaisha. Kimebaki vile vile kwenye OLED? Jaribu ile huduma ndefu ya namba 6. Kikibaki hata baada ya hapo, kioo kimechakaa, na hakuna dawa ya kurudisha.

4. Punguza mwanga. TV nyingi hutoka zimewekewa mng'ao wa kuvutia wateja dukani. Shusha hadi nusu hivi. Hata LED inafaidika, taa za nyuma zinadumu.

5. Ficha visivyosogea. FIFA inakuruhusu kuzima ramani na ubao wa magoli. Na ukienda kula, usiache gemu imesimamishwa kwenye menyu.

6. OLED: usikate umeme ukutani. Hapa soma polepole, hatua hii imeshanitoa jasho. OLED nyingi, zikishawaka jumla ya saa nne hivi, ukizizima kwa rimoti hazilali moja kwa moja. Zinabaki zinajipima na kufidia nukta zilizochoka, kioo kikiwa cheusi. Sasa sisi tumezoea kuchomoa kila kitu uniti za LUKU zisiishe, na mwenye kibanda cha gemu akifunga anashusha swichi kuu. TV inakaa mwaka mzima haijajihudumia hata mara moja, halafu lawama anabebeshwa mtoto. Zima kwa rimoti, iache kwenye soketi. Umeme inaokula ni kidogo. ONYO: kwenye menyu kuna huduma ndefu ya kioo unayoianzisha mwenyewe, inakwenda kama saa nzima. Usiifanye kila wiki ukidhani unaosha kioo, maana unakichosha. Ni ya siku kivuli kimeonekana, na siku umeme hauchezi. ONYO lingine: achana na zile video za kioo cheupe kinachometameta "kufuta kivuli". Kwenye OLED zinachosha nukta ambazo bado ni zima ili zilingane na zilizochoka.

Maswali sasa.

Kijana_wa_Masasi: Mkuu sijasoma yote. Nina LED inchi 43, imetokea miduara myeupe kwenye picha. Ni PS hiyo?

FundiLigula: Rudi namba 1. Hivyo ni vilenzi vya taa za nyuma, gundi imeachia vimedondoka. Fundi anafungua, anavirudisha.

Kijana_wa_Masasi: Kwa hiyo ni joto la PS?

FundiLigula: Joto la taa za TV yenyewe. Namba 4. Soma.

DadaShangani: Fundi, nadadisi tu. Mtoto akicheza saa sita mfululizo, mwenzake akicheza saa moja moja kwa siku sita, nani kaumiza OLED zaidi?

FundiLigula: Dada, hili ndilo swali nilikuwa nalisubiri. Gemu ikiwa ile ile na mwanga ule ule, wanakaribiana. Uchakavu unajumlishwa; nukta ikipumzika hairudishi ilichopoteza. Wa saa sita ana hasara ya joto, tena TV haipati nafasi ya kujipima katikati. Ndiyo maana mtoto anayekesha na gemu tofauti tofauti ana nafuu kuliko kibanda kinachopiga FIFA tupu tangu Januari. Na ukitaka kuchunguza zaidi, anza na rangi ya bluu: malighafi yake kwenye OLED ndiyo inayochoka mapema.

DadaShangani: Kumbe! Basi nitawabadilishia gemu, sio kuwafukuza.

Kibanda_Chikongola: Unatuharibia biashara wewe. Nina TV sita, wanacheza asubuhi mpaka usiku, hakuna iliyoungua.

FundiLigula: Wapi nimesema ufunge kibanda? TV zako aina gani?

Kibanda_Chikongola: LED zote.

FundiLigula: Basi tunabishania nini, mkuu?

DadaShangani: Samahani nje ya mada. Yangu iko dirishani, upepo wa bahari unaingia moja kwa moja. Ina madhara?

FundiLigula: Makubwa kuliko gemu, dada. Chumvi inakula viunganishi, siku moja unaona mistari kwenye picha. Isogeze, na kile kitambaa cha kudarizi kisizibe matundu ya nyuma.

Mwana_Mikindani: Kwangu mjusi kaingia kwa matundu hayo hayo, nasikia anakwaruza. Nifungue?

FundiLigula: LED?

Mwana_Mikindani: LED.

FundiLigula: Hiyo chomoa ukutani bila wasiwasi. Ila usifungue, kapasita zinabaki na umeme hata ikiwa imechomolewa. Ilete.