Kuweka redio mpya kwenye Mercedes ya zamani bila kukata waya yake hata moja

Marehemu baba alituachia Mercedes-Benz E200 ya mwaka 1994, umbo la W124, nyeupe, na ndani yake redio ya Becker ya kaseti. Siku niliyoivuta ile Becker nje, uani kwetu Buruburu, nilikuta plagi zote mbili za kiwandani zimekatwa. Waya kumi na tatu zilikuwa zimesokotwa kwa vidole na kufungwa tepu iliyokwisha kuyeyuka gundi. Kuna fundi alijaribu kuweka redio nyingine miaka iliyopita, ikamshinda, akairudisha hiyo hiyo na kunyamaza. Baba alidhani redio imekufa kwa uzee. Ilinichukua Jumamosi mbili kujua kila waya inaenda wapi.

Kwa hiyo ukitaka kuweka redio mpya kwenye gari la namna hii, shikilia jambo moja: waya za gari zisikatwe. Unachopaswa kukata ni waya za adapta, yaani kile kipande cha waya chenye plagi kinachounganisha redio mpya na plagi za gari, ambayo mimi niliinunua shilingi 500 pale Luthuli Avenue. Ukifuata hivyo, redio ya zamani inaweza kurudi mahali pake wakati wowote kwa dakika kumi.

Tuanze na kununua. Tundu la redio kwenye W124 ni la DIN moja, yaani upana milimita 180 na kimo 50. Muuzaji atakuonyesha redio yenye kioo kikubwa cha DIN mbili. Ni nzuri, ila kuiingiza ni lazima msumeno upite kwenye konsoli, na ile mbao yenye mistari ikishapasuka umeipoteza. Tafuta redio ya DIN moja isiyo na sehemu ya CD. Mwili wake ni mfupi, na hilo utalishukuru utakapokuwa unasukuma waya zote nyuma yake. Mimi nilichagua yenye Bluetooth, USB na taa inayobadilishwa rangi, nikaiweka manjano hafifu ilingane na taa za dashibodi.

Usichukue redio kuukuu iliyotolewa kwenye gari lililotoka Japani, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Redio za zamani za huko husikiliza FM kati ya megahazi 76 na 90. Radio Citizen hapa Nairobi iko 106.7, kwa hiyo hutaisikia. Na redio mpya nayo ikague menyu yake kabla hujalipa. Ikiwa imewekwa eneo la Marekani huruka hatua mbili mbili, 93.5 kisha 93.7, na Milele FM iliyo 93.6 inabaki katikati bila kushikika. Badilisha eneo liwe Ulaya, hatua zinakuwa ndogo.

Maandishi ya “50W x 4” kwenye boksi yasikushawishi kulipa zaidi. Tazama fyuzi iliyo nyuma ya redio. Yangu ni ya ampea 10. Injini ikiwaka umeme wa gari ni kama volti 14.4, na ukizidisha unapata wati 144 zinazoingia, tena nyingine zinapotea kama joto. Wati 200 zitatoka wapi? Kila spika hupata kama wati 18 hivi mfululizo, na kwa spika ndogo za W124 zilizo juu ya dashibodi, hizo ni nyingi.

Ikiwa Becker yako bado inafanya kazi, tafuta namba yake ya siri kabla ya kugusa betri, kwa sababu ikikosa umeme itakuuliza namba hiyo. Kisha zima gari, toa ufunguo, legeza kichwa hasi cha betri na ukisogeze mbali. Gari hili lina mfuko wa hewa kwenye usukani, kwa hiyo hatua hii usiiruke. Kazi hii ifanye mchana kuwe na jua. Julai asubuhi Nairobi ina baridi, na plastiki ya miaka thelathini hukatika kama biskuti. Mimi nilivunja kishikio cha trei ya majivu saa mbili asubuhi na bado kinaniuma.

Becker hutoka kwa funguo bapa mbili zinazoingia kwenye nyufa za pembeni. Ukizikosa, kipande chembamba cha bati kilichochongwa vizuri kinafaa. Sukuma mpaka usikie mlio mdogo, kisha vuta pande zote mbili kwa pamoja. Usiegemeze bisibisi kwenye mbao. Ukiona imekwama, pumzika, unywe chai, urudi.

Sasa waya. Gari ambalo halijaguswa la miaka hiyo litakupa plagi mbili za ISO (umbo la kawaida la plagi za redio za magari), moja ya umeme na moja ya spika. Adapta inaingia hapo moja kwa moja. Yangu zilikuwa zimekatwa, kwa hiyo ilibidi nizitafute zote upya, na huenda nawe ukakuta hivyo. Rudisha betri kwa muda, hakikisha hakuna ncha zinazogusana, chukua multimita (kipima umeme) na uweke ncha nyeusi kwenye chuma cha mwili wa gari. Waya yenye volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni ndiyo ya kudumu. Inayopata umeme ukigeuza ufunguo tu ndiyo ya swichi. Inayopata umeme ukiwasha taa za gari ni ya kuangazia redio. Ukimaliza, toa betri tena.

Spika nilizitambua kwa betri ndogo ya tochi ya volti 1.5. Gusa waya mbili kwa sekunde moja na utasikia “krrk” kwenye pembe fulani ya gari. Mama alikaa kiti cha nyuma akinitajia: “Hii ya kulia nyuma. Hii mbele kwako.” Toa kifuniko cha spika uitazame. Karatasi yake ikiruka nje, basi upande chanya wa betri umegusa waya chanya ya spika. Ikizama ndani, umegeuza. Usiipuuze hatua hii, maana spika moja ikigeuzwa, besi inapotea na hutajua kwa nini. Halafu pima kati ya kila waya ya spika na mwili wa gari. Kusiwe na mguso wowote. Magari mengine ya zamani yaliunganisha hasi za spika zote kwenye mwili wa gari, na ukiyaletea redio ya kisasa unaichoma. Ukikuta mguso, pitisha waya mpya hadi kwenye spika.

Redio mpya nyingi hufuata rangi hizi: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni hasi, ya machungwa ni ya taa. Spika ya mbele kushoto ni nyeupe, mbele kulia kijivu, nyuma kushoto kijani, nyuma kulia zambarau, na yenye mstari mweusi ndiyo hasi. Kwenye plagi ya ISO ya umeme, pini ya 4 ni ya kudumu na ya 7 ni ya swichi, lakini magari kadhaa ya Ulaya yamezibadilishana. Usiamini mchoro kabla ya kupima. Ukizigeuza, redio itasahau stesheni zako kila unapozima gari.

Unganisha waya za redio na za adapta ukiwa mezani, si kwa kuinama chini ya dashibodi. Lehemu kwa risasi, funika kila kiungo kwa kimrija cha plastiki kinachonywea kwa joto. Tepu tupu haitoshi, kwani gari likiachwa juani siku nzima gundi yake huyeyuka, na mimi nimeona mwisho wake. (Ukiwa na Mercedes ya 1993 hadi 1995, kagua pia waya za injini. Maganda yake yanajulikana kwa kupukutika. Hazihusiani na redio, ila uko hapo tayari.)

Antena ya gari hili hupanda kwa mota iliyo nyuma. Redio mpya ina waya ya samawati ya antena, na nyingine ya samawati yenye mstari mweupe ya kuamsha amplifaya. Tumia ile ya kwanza. Hiyo hupata umeme ukisikiliza stesheni tu, hivyo antena hulala ukicheza muziki wa simu, na hutaikwangua kwenye dari la maegesho ya chini ya jengo mjini. Ni waya ya kutoa ishara, haiwezi kuendesha mota. Mota ikiwa haina umeme wake, weka rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo. Plagi ya kebo ya antena nayo huenda isiingie kwenye redio mpya. Kuna adapta yake ndogo, inunue pamoja na ile nyingine.

Kabla ya kusukuma redio ndani, rudisha betri na ujaribu kila kitu: kushoto, kulia, mbele, nyuma. Kisha weka kichujio cha sauti cha spika za mbele kwenye hazi 100 au 120, besi nzito isipasue zile karatasi ndogo.

Magari yaliyofuata ni habari nyingine. E-Class ya W211, kuanzia 2002, hupeleka sauti kwa mwanga ndani ya nyuzi za plastiki, mzunguko mzima. Ukitoa kifaa kimoja vyote vinanyamaza. Huko tafuta adapta iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Jioni ile ile pima kama redio inanyonya betri. Funga milango, toa ufunguo, weka multimita kwenye tundu la ampea 10, ifunge kati ya kichwa hasi cha betri na kebo yake, na usiwashe injini ikiwa hapo. Subiri nusu saa. Ikizidi miliampea 50, kuna waya haiko sawa. Miliampea 500 ni ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya 70 haimalizi wiki. Yangu ilisoma 22. Nikakaza kichwa cha betri, nikaifunga Becker kwa gazeti pamoja na funguo zake mbili, nikaiweka kwenye buti kando ya gurudumu la akiba.